Kaondoka

“Shemeji, dada yuko wapi? Siku ya nne hii simu yake haipatikani.”

“Kaondoka, shemeji. Tulikwaruzana kidogo, akabeba begi lake. Mimi nilijua yuko huko kwenu.”

Mara nyingi jibu hilo huwa la kweli. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya watu wanaoondoka. Mabinti wa Kilolo na Mufindi wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa miaka mingi kiasi kwamba mjini “dada wa Iringa” limekaribia kuwa jina la kazi yenyewe. Kijana wa Rungwe hufuata dhahabu Chunya. Mama ntilie wa Mafinga huwafuata wapasua mbao Sao Hill, katika shamba la miti ambalo eneo lake lote linazidi hekta 100,000. Mpunga wa Mbarali huvuta vibarua, chai ya Mufindi nayo ina wake, na mchuuzi wa Uyole hushuka Tunduma akavuka mpaka na kurudi baada ya miezi. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA zimewazoesha watu kuagana bila kuhojiana sana.

Kwa hiyo mke akikosekana nyumbani, “kaondoka” ni neno linaloingia akilini bila kubisha hodi. Majirani wanaridhika nalo, mwenyekiti wa kitongoji anaridhika nalo, na kwa wiki kadhaa hata wazazi wake wanaridhika nalo huku wakimlaumu binti yao kwa kutosema. Tatizo ni kwamba mwenye mamlaka ya kulitamka ni mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyemwona mwisho, na hadithi ya kwanza ni yake.

Tuseme basi hadithi hiyo ni ya uongo, ndoa ilikuwa ya kipigo, na mwili haupatikani. Watu wengi hudhani hapo kesi imekufa: hakuna maiti, hakuna mauaji. Kisheria si kweli. Lakini ipo sababu dhana hiyo imekita mizizi, na ninavyoona sababu yenyewe haiko mahakamani. Iko sebuleni, ofisini kwa mtendaji na nyumbani kwa mchungaji, miaka mitatu au mitano kabla mke hajatoweka.

Tuanze na kipigo, kwa kuwa hapa Mbeya ina rekodi ambayo mikoa mingi haina. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake mkubwa wa nchi mbalimbali kuhusu ukatili wa wanaume dhidi ya wenzi wao, uliochapishwa mwaka 2005, kwa Tanzania lilichagua sehemu mbili: Dar es Salaam na Mbeya. Dar es Salaam, asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi walisema wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Zaidi ya nusu. Tafiti za kitaifa za miaka ya karibuni zinaonyesha viwango vya kipigo kushuka, na hilo ni jambo jema, ila mama anayefanya hesabu leo kuhusu binti yake aliyepotea aliolewa na kulelewa katika dunia ya takwimu ile ya zamani. Wapo watakaotaja ulanzi na komoni. Pombe imo, sibishi, lakini mtu aliyelewa hapangi namna ya kuficha mwili.

Kesi iliyowafundisha Watanzania wengi jinsi jambo hili linavyokwenda ilitoka mbali na Nyanda za Juu. Ilitoka Kigamboni. Mei 2019 mwanamume mmoja mfanyabiashara alikwenda polisi kutoa taarifa kwamba mkewe ametoweka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa, tulikumbuke hilo. Ndugu wa mke hawakuridhika, wakaendelea kuuliza na kupiga kelele hadi mitandaoni. Julai mwaka huohuo polisi walitangaza kwamba mume amekiri kumuua, kuuchoma mwili kwa magunia ya mkaa katika banda la kuku la nyumbani kwao, kisha kuyapeleka majivu shambani kwake Mkuranga, kuyafukia na kupanda migomba juu yake. Februari 2025 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani na kumhukumu kunyongwa, adhabu pekee ambayo Kanuni ya Adhabu inaiweka kwa kosa la mauaji ya kukusudia, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Kutoka taarifa ya kwanza hadi hukumu ilipita karibu miaka 6.

Kesi ile inasomwa kama ushindi, na kwa familia ile ni haki iliyopatikana. Mimi naisoma pia kama onyo. Shamba la Mkuranga lilijulikana kwa sababu mtu alizungumza. Sheria ya Ushahidi inayapa uzito wa pekee maelezo ya mtuhumiwa yanayowaongoza polisi kwenye kitu ambacho wasingekiona bila yeye, maana kitu hicho hakiwezi kukana. Je, asingesema? Weka banda la kuku lile pembezoni mwa Sao Hill, ambako moto wa kuandaa shamba ni jambo la kila msimu na moshi haumshtui mtu. Weka majivu yale kando ya Ruaha Mdogo wakati wa masika. Mfupa ulioungua hadi kuwa mweupe na kuvunjika kama chaki hauachi vinasaba vya kutosha kumtambua mtu, na Mkemia Mkuu wa Serikali, hata akiwa na ofisi ya kanda jijini Mbeya, hawezi kupima kisichokuwepo.

Hapo ndipo sheria ya “mauaji bila maiti” inapoanza kazi, nayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Chanzo cha woga wa mahakama ni kisa cha Uingereza cha mwaka 1660. Katika mji wa Chipping Campden mzee mmoja, William Harrison, alitoka kwenda kukusanya kodi za mwajiri wake asirudi. Mtumishi wake, John Perry, alibanwa hadi akasema mama yake na kaka yake ndio waliomuua. Wote watatu walinyongwa. Mwaka 1662 Harrison alirudi nyumbani kwa miguu yake, na hadithi ndefu ya kutekwa na kuuzwa utumwani Uturuki. Tangu hapo majaji wa Uingereza waliogopa kumtia mtu hatiani bila mwili, na woga huo ulisafiri pamoja na sheria zao hadi kwetu.

Lakini ulilegea. Mwaka 1968, katika kesi ya Kimweri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kifo kinaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mazingira bila mwili kuonekana, ilimradi ushahidi huo umlazimishe mtu kuamini kwamba kifo kimetokea, na usiache nafasi ya dhana yoyote yenye mashiko kwamba anayedaiwa kufa bado yu hai. Kigezo hicho bado kinatumika nchini. Juu yake Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeweka kanuni ya aliyeonekana mwisho: katika rufaa ya Mathayo Mwalimu na mwenzake, Namba 147 ya 2008, ilieleza kwamba mtu anayedaiwa kuwa wa mwisho kuonekana na marehemu, asipotoa maelezo yanayoaminika, atachukuliwa kuwa ndiye muuaji. Mume karibu kila mara ndiye aliyeonekana mwisho. Na maelezo yake karibu kila mara ni lile neno moja.

Basi kazi yote ya upelelezi inakuwa kulipasua neno “kaondoka”. Aliondoka na nini? Kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi? Alimwachia nani kuku wake? Na kikoba? Mwanamke wa Ilembo au Ifunda anaweza kumkimbia mume usiku wa manane, lakini hawezi kumkimbia mweka hazina wa kikoba aliyeshika akiba yake ya mwaka mzima, zikiwa zimebaki wiki tatu kugawana. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye vitabu vya sheria, ila ndiyo yanayoua dhana kwamba yu hai.

Simu imesaidia mno. Tangu Januari 2020 laini zote nchini zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mtu aliye hai, hata anayejificha, hutuma pesa, hutoa pesa, humpigia mama yake kwa laini mpya. Ukimya kamili wa mwaka mzima kwenye laini, kwenye akaunti ya pesa na kwenye namba za ndugu kumi ni ushahidi. Ila ufuatiliwe mapema. Imani kwamba polisi hawapokei taarifa ya mtu aliyepotea mpaka zipite saa 24 imeenea kiasi kwamba familia hujizuia zenyewe, na ni ndani ya saa hizo 24 banda la kuku hufagiliwa.

Mwaka 2022 Sydney, Australia, jaji alimtia hatiani Chris Dawson, mwalimu wa zamani na mchezaji wa raga, kwa kumuua mkewe aliyetoweka 1982. Mwili haujapatikana hadi leo. Kwa miaka 40 mume alisema mke kaondoka, kahitaji muda wa kuwa peke yake, kampigia simu. Jaji alipima kama mama anayewapenda watoto wake angewaacha bila nguo na bila neno, akakataa. Unapolinganisha Sydney na Kigamboni, kinachofanana si mbinu za mauaji. Ni watu wa upande wa mke waliokataa kulipokea neno.

Na hapa ndipo narudi sebuleni. Ili kuivunja hadithi ya mume, mwendesha mashtaka anahitaji kuonyesha ndoa ilikuwaje. Sheria inaruhusu ushahidi wa sababu ya kutenda kosa na wa mwenendo wa kabla na baada. Lakini aliyekuwa akijua yote, mke, hayupo. Aliyoyasema kwa dada yake yanakumbana na kizingiti cha ajabu: maneno ya mtu kuhusu chanzo cha kifo chake hupokelewa kwa kuwa amekufa, na hapa kifo chenyewe ndicho kinachobishaniwa. Wakili wa utetezi anayejua kazi yake atasimama hapo asubuhi nzima.

Kinachobaki ni karatasi. Fomu ya polisi namba 3, ile PF3, yenye tarehe, muhuri na maelezo ya daktari kwamba mbavu mbili zimevunjika. Jalada la Dawati la Jinsia na Watoto. Barua ya mtendaji wa kata. Nani anazo? Polisi wana madawati zaidi ya 400 nchini, lakini safari ya mwanamke aliyepigwa Makongolosi au Kilolo haianzii huko. Inaanzia kwa mama mkwe, anayemwambia hata yeye alivumilia. Inakwenda kwa mshenga, kwa balozi, kwa wazee wa kanisa, na katika nchi hii ya Wamoravian wa Rungwe na Walutheri na Wakatoliki wa Iringa wazee wa kanisa si watu wadogo. Kunafanyika kikao. Mume anaomba radhi, pengine analipa mbuzi. Mke anaambiwa nyumba hujengwa na mwanamke. Kunaliwa. Hakuna kinachoandikwa, kwa kuwa kuandika kungekuwa kuivunja ndoa.

Sheria yenyewe inasukuma mkondo huohuo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sentensi nzuri, isiyo na meno: haitaji adhabu. Vifungu vya mbele vinamtaka anayetafuta talaka apite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu za pekee, yaani aketi meza moja na anayempiga. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015, na katika nchi hizo mwanamke anaweza kuiomba mahakama amri ya kumzuia mume asimkaribie. Amri hiyo huenda isizuie ngumi. Lakini ni karatasi yenye tarehe, na siku mke akitoweka inakuwa ya kwanza kwenye jalada. Tanzania haina sheria ya namna hiyo; ina mashtaka ya kawaida ya shambulio na ina kikao.

Sisemi wazee wa kikao ni washirika wa wauaji. Wengi wameokoa ndoa na watoto wasilale njaa. Nasema kikao kimezoea kufuta, na kilichofutwa hakiitiki mahakamani. Shahidi mzee wa kanisa akiulizwa kizimbani, “Uliwahi kusuluhisha mara ngapi?” anajibu, “Mara nyingi.” Lini? “Sikumbuki mwaka.” Alikuwa na majeraha gani? “Alikuwa amevimba.” Basi.

Upande wa ng'ombe nao tusiukwepe. Kwa Wanyakyusa na majirani zao mahari ya ng'ombe ni deni linalopumua. Mke akisemwa kaondoka, wazazi wake wanaanza kuhofia watadaiwa mifugo ambayo ilishatumika kumwolea kaka mtu. Nimeona namna hofu hiyo inavyoweza kuwafanya wazazi wapunguze sauti wakati ule hasa walipopaswa kuipaza. Mume anayeuliza “Mmemficha wapi mke wangu?” amegeuza meza: waliokuja kama wenye kudai wanaondoka kama wadaiwa.

Tena kuna maelezo mengine mawili yanayomfaa muuaji bila yeye kuyatunga. Mbeya haijasahau mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, miili ilipookotwa ikiwa imechunwa ngozi, hasa upande wa Mbozi ambao sasa ni Mkoa wa Songwe, ikidaiwa ngozi zinauzwa kwa waganga. Hofu ile ilikuwa na mauaji ya kweli ndani yake, ndiyo maana inadumu. Mtu akitoweka, yupo atakayesema wamemchuna. Mwingine atasema kachukuliwa msukule, yupo mahali analima usiku, na mganga fulani anaweza kumrudisha. Imani ya msukule ni ya kikatili kwa familia kuliko zote, kwa maana inawapa kile sheria inachokitafuta kwa taa, dhana kwamba yu hai, na kuwafanya watoe ng'ombe wa mwisho kuitunza. Mpelelezi anayefika kijijini miezi sita baadaye anakuta mashahidi ambao tayari wameshaamini jambo lingine.

Wanaobaki hukwama kwa namna ambayo aliyezika haijui. Bila mwili hakuna kibali cha mazishi. Bila uthibitisho wa kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, haina cha kuandika. Bila cheti hakuna mirathi, na kiwanja cha mke pale Mafinga, kama alikuwa nacho kwa jina lake, kinakaa mikononi mwa mume. Sheria ya Ndoa inaruhusu mtu kudhaniwa amekufa kama hajasikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangemsikia. Miaka 5 ni kutoka mtoto kuanza darasa la kwanza hadi la sita. Muda wote huo matanga hayaanuliwi kwa sababu hayakuwekwa. Waluo wana njia yao: asiyepatikana humzikia tunda la mwegea, wakamlilia kikamilifu. Nyanda za Juu hazina desturi iliyo wazi kiasi hicho, na akina mama wengi huwekwa katikati, wakishona sare ya msiba moyoni huku wakikatazwa kulia kwa kuwa watawatabiria wana wao mabaya.

Iringa, kati ya mikoa yote, inajua uzito wa mwili usiokamilika. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi Julai 1898 ili Wajerumani wasimshike akiwa hai. Wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani kurudisha fuvu hilo ndani ya miezi 6. Lilirudi Juni 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, baada ya kulichagua kwa vipimo kati ya mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen. Miaka 56. Wapo wasomi wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Wahehe walilipokea, wakalijengea nyumba, na kaburi la mwili likabaki kule Mlambalasi, fuvu Kalenga, umbali wa safari ya gari.

Mke wa kawaida hana ibara kwenye mkataba wowote. Mabaki yake yakipatikana, kipande cha mfupa na kitambaa kilichoungua nusu, hayapelekwi kwanza kwa mama yake. Yanafungwa kwenye bahasha, yanaandikwa namba ya jalada, yanapelekwa kwa Mkemia, yanarudi, yanapokelewa mahakamani kama kielelezo. Wakili wa utetezi anapinga namna bahasha ilivyobadilishana mikono kutoka kwa askari mmoja hadi mwingine, na ana haki ya kupinga. Hukumu inatoka, rufaa inakatwa, Mahakama ya Rufani inakuja Mbeya au Iringa kwa vikao vyake na kuondoka. Muda huo wote bahasha iko kabatini na familia inauliza kwa karani, kwa adabu, ni lini wataruhusiwa kuichukua wakazike.